Nati imekazwa mara tatu, mguu wa ndege bado unalia

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala, naishi Chake Chake. Ami yangu amerudi kutoka Uingereza na ndege ndogo ya mbao ya watu wawili, aina ya Jodel, iliyojengwa zamani na mtu binafsi nyumbani kwake. Tumeiunganisha, na huu ni mwaka wa pili imekaa bandani. Hatujairusha, tunaiwasha tu na kuitembeza chini. Imelalia kushoto kidogo, na ukisukuma ncha ya bawa unasikia "tak" pale mguu unapoingia. Tumekaza nati mara tatu. Kila tukikaza inanyamaza, halafu baada ya miezi inarudi. Matairi ni mapya na breki ni mpya. Ami anasema nikaze zaidi. Nikague nini, na nikaze mpaka wapi?

Jibu: Marahaba, fundi. Kwanza weka spana chini. Mara ya nne usikaze, na ami yako mwambie nimekataza mimi, si wewe.

Umefanya vizuri kutaja kwamba kelele inanyamaza ukikaza na inarudi baada ya miezi. Hapo ndipo penye jibu. Nati inayolegea kwa mtikisiko hulegea kwa safari, na ndege yenu haijasafiri. Ikiwa imekaa bandani, ikitembezwa chini tu, na bado nati inalegea, basi yaelekea nati haikuzunguka. Kilichosogea ni ubao.

Wengi wakisema miguu ya ndege wanafikiria tairi, breki na ule mkono wa chuma. Hivyo vinaonekana, vinanunulika, na ndivyo mlivyobadilisha. Lakini kwenye ndege ya mbao mguu haupati maradhi chini kwenye gurudumu. Unaumwa juu, pale chuma kinapoingia mbaoni. Katika ndege hizi za Jodel, zilizobuniwa na Wafaransa wawili, Édouard Joly na Jean Délémontez, ya kwanza ikiruka Januari 1948, mguu wa kila upande umefungwa kwenye mhimili mkuu wa bawa. Mhimili huo ni sanduku refu la mbao za sprusi, jamii ya misonobari ya nchi za baridi, lililofunikwa kwa plaiwudi nyembamba. Bolti chache zinapita humo, na mzigo wote wa kutua unapita kwenye bolti hizo. Si ndege zote za mbao ziko hivyo. Ile ya Mmarekani Bernard Pietenpol ya mwaka 1929 miguu yake inashika kwenye kiwiliwili, na wengi huifunga kwa kamba za mpira zinazonyooka. Fly Baby ya Pete Bowers haina springi kabisa, tairi zenyewe ndizo zinazomeza kishindo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwa na michoro ya ndege yenu, si ya ndege inayofanana nayo. Kama michoro haikuja ndani ya kontena, ami aitafute kabla hujagusa kitu.

Nikupe hesabu ndogo ujue tunacheza na nini. Tuseme gurudumu liko sentimita 60 chini ya mhimili, na bolti mbili zinazoshika mguu zimeachana sentimita 15, moja juu moja chini. Rubani akikanyaga breki, ardhi ikausukuma mguu nyuma kwa nguvu ya kilo 100, zile bolti hazipati kilo 100. Mguu ni wenzo. Bolti zinapata 100 mara 60 gawa kwa 15, yaani karibu kilo 400, moja inasukumwa huku na nyingine kule. Na hapo ni kutembea chini tu. Kutua upepo wa Kusi ukipiga ubavuni, ndege ikagusa kwa gurudumu moja kwanza, ni habari nyingine kabisa.

Sasa turudi kwenye ubao, na hapa wewe ni fundi kuliko mimi. Unajua mlango uliotengenezwa wakati wa Kaskazi, kavu, ukifika Masika unagoma kufunga. Ukiupunguza kwa randa Masika, Kaskazi inayofuata unaona mwanga pembeni. Mhimili wa ndege ni mlango ule ule. Chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 50, kama karakana yenye moto ndani huko Ulaya, ubao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 9 hivi. Ukiuleta mahali hewa ni asilimia 80, hutulia karibu na 16. Ndege ya ami yako ilijengwa kwenye ukavu wa kule ikaja kunywa hewa ya Pemba.

Ubao unapokunywa hutanuka kukata nyuzi, si kufuata nyuzi. Sprusi yenye unene wa milimita 75 ikiongezeka unyevu kwa asilimia 4 hunenepa kati ya milimita 0.4 na 0.75 hivi, kutegemea pete za mti zimelala vipi. Bolti ya ndege ya inchi 5/16 ina nyuzi 24 kwa inchi, maana yake mzunguko mmoja wa nati ni milimita moja na kidogo. Kwa hiyo ule unene ulioongezeka ni sawa na mtu kuja usiku akakukazia nati kwa theluthi ya mzunguko hadi robo tatu, bila wewe kujua. Chuma hakinyooki kwa kiasi hicho, na ubao unataka kwenda lakini umebanwa na washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Utafanya nini? Utajibonyeza wenyewe. Nyuzi za ubao chini ya washa zinapondeka. Kaskazi ikifika, ubao unakauka na kurudi nyuma, lakini zile nyuzi zilizopondeka hazifufuki. Nafasi inabaki. Ndiyo "tak" yako.

Halafu mnakuja na spana mnakaza. Mnaziba nafasi, kelele inanyamaza, kila mtu anafurahi. Masika yakirudi, ubao unatanuka tena na kujiponda tena, safari hii kutokea kwenye mstari mpya. Mara tatu mmekaza, mara tatu mmekula ubao. Ukikaza mara ya nne "zaidi", kama anavyotaka ami, utasikia sauti kama ya kuvunja biskuti kavu, na bamba la chuma linaloshika mguu litazama kwenye plaiwudi.

Sauti hiyo naijua kwa sababu niliisababisha mimi. Nilikuwa kijana, nimetoka kwenye ndege za bati, mkono umezoea majedwali ya kukazia bolti za chuma kwa chuma. Nikapewa ndege ya mbao ya mtu, nikachukua namba ya kwenye jedwali, nikaweka spana ya kupimia nguvu, nikavuta nikingoja ile "klik". Klik haikuja. Nati ilikuwa inazunguka kwa raha, na mimi najisifu kuwa bado haijafika. Mzee aliyekuwa akinifundisha alikuja akatazama, akaweka ukucha wake ukingoni mwa washa. Ukucha ukaingia shimoni. Hakunigombeza. Aliniambia tu nitoe bolti zote na nimwandikie mwenye ndege barua mwenyewe, kwa mkono wangu. Kazi ya nusu saa iligeuka miezi miwili.

Ukaguzi wenyewe sasa. Chagua siku kavu, na muwe watu wawili. Toa mafuta kwenye tangi. Kuinyanyua ndege usiweke jeki chini ya plaiwudi ya bawa hata ukiwa umeweka godoro, maana ngozi ile haikuumbwa kubeba. Michoro itaonesha pa kushikia. Kwa kawaida ni chini ya mhimili wenyewe, kwa stendi yenye ubao mpana uliovikwa zulia. Mkia uufunge au uuwekee gunia la mchanga, kwa sababu ndege ya gurudumu la nyuma ikinyanyuliwa mbele inaweza kulala kifudifudi ikavunja propela, na hapo swali la nati mtalisahau.

Magurudumu yakishaachana na ardhi, toa makava yote ya mguu. Kisha mmoja ashike tairi kwa chini, alisukume mbele na nyuma, halafu ndani na nje, polepole bila kupiga kwa nguvu. Wewe usitazame. Weka ncha ya kidole nusu kwenye bamba la chuma na nusu kwenye ubao, ufumbe macho. Kidole kinasikia mwendo wa sehemu ya kumi ya milimita ambao jicho halioni. Rudia kwenye kila bamba, mbele ya mhimili na nyuma yake, kushoto na kulia. Andika wapi umesikia. Kuwa makini kutofautisha mchezo wa beringi za gurudumu, mchezo wa mguu ndani ya ala yake ya springi, na mchezo wa bamba kwenye ubao. Viwili vya mwanzo vina kiasi kinachokubalika. Cha tatu hakina.

Baada ya kidole ndipo tochi. Ilaze karibu na ubao, mwanga upite juu ya uso kama jua la magharibi juu ya bahari. Tochi ikisimama wima mbele ya ubao inadanganya, kila kitu kinaonekana laini. Ikilala utaona mambo manne. Utaona vanishi iliyopasuka kwa mstari mweupe kando ya maungio ya gundi, na hapo pamesogea. Utaona unga mweusi au wa rangi ya chai unaotoka ukingoni mwa bamba, yaani chuma na ubao vinasagana. Utaona washa iliyozama. Na la nne, ambalo wengi hulipita, ni kunyanzi jembamba linalokata nyuzi za ubao, kama kunyanzi la kanga iliyopigwa pasi ikiwa imekunjika. Hiyo si alama ya randa. Hapo nyuzi zimebanwa zikakunjika ndani kwa ndani, pengine kwa kutua kwa kishindo siku moja huko Uingereza ambayo hakuna aliyeiandika kitabuni. Ubao wenye kunyanzi hilo unaonekana mzima, lakini ukivutwa siku nyingine unakatika kama muhogo. Ukiliona popote kwenye mhimili, kazi yako imesimama hapo. Piga picha, weka alama ya penseli pembeni, usiguse tena mpaka aje mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Kisha chukua sarafu, ile ya shilingi mia mbili inafaa, ugonge plaiwudi kuzunguka bamba, kila sentimita mbili. Unajua sauti ya nazi iliyokomaa na ya iliyooza. Gundi iliyoshika inatoa sauti kali na fupi. Iliyoachia inatoa sauti pana, kama ya debe lililofunikwa nguo. Zungushia penseli kila unapoona sauti imebadilika, kisha simama mbali utazame umbo la ile michoro ya penseli. Umbo likianzia kwenye tundu la kutolea maji, tatizo ni maji. Likianzia kwenye bamba, tatizo ni mzigo.

Hayo matundu ya kutolea maji yachunguze yote, chini ya bawa na chini ya kiwiliwili. Kwetu huku adui wake ni nyigu wa udongo. Anapenda tundu la milimita sita kuliko anavyopenda kitu chochote duniani, na nyumba yake ikikauka ni kama saruji. Maji ya mvua au ya jasho la bandani yanakaa ndani, hayatoki, na kuvu huanza kula ubao ukishapita unyevu wa asilimia 20. Tafuta kipima unyevu cha sindano mbili, kile wanachotumia wauza mbao. Pima karibu na bamba, halafu pima mbali nalo. Namba yenyewe, ikiwa chini ya 20, hainipi usingizi mbaya. Kinachonitia wasiwasi ni tofauti. Kama kati ya bawa ni 15 na karibu na mguu ni 21, maji yana njia yake hapo, itafute.

Sasa bolti. Toa moja moja, isiwe mbili kwa pamoja, na mzigo uwe umeondoka mguuni. Usiipige nyundo itoke. Kama imegoma, zungusha taratibu ukiivuta. Ikishatoka usiifute. Iweke kwenye karatasi nyeupe na uitazame urefu wake. Bolti iliyoishi ndani ya ubao mkavu hutoka na rangi moja, ile ya dhahabu ya kadimiamu iliyopakwa kiwandani. Iliyoishi kwenye unyevu hutoka safi ncha zote mbili na katikati ina mkanda wa kutu, kwa sababu hewa inakausha ncha na ubao unashika maji katikati. Mtu anayekagua kichwa na nati peke yake ataiona bolti hiyo nzuri kabisa. Pitisha ukucha kwenye mkanda. Ukikwama, bolti hiyo hairudi, na mwenzake wa upande wa pili naye hana budi kutoka atazamwe.

Tundu nalo lina lake. Chukua kipande cha fito ya chuma laini chenye unene wa bolti mpya, kiingize bila nguvu. Kikicheza juu na chini lakini hakichezi kushoto na kulia, tundu limekuwa yai. Hapa naomba unisikilize kama mdogo wangu: kuna mambo mawili ambayo mkono wa seremala utataka kuyafanya, na yote mawili hapana. La kwanza ni kujaza unga wa mbao na gundi ya epoksi kisha kutoboa upya. Litaonekana zuri, litabeba wiki tatu. La pili ni kukamata drili uweke bolti kubwa zaidi. Kila milimita unayoongeza inatoa nyuzi za mhimili, na huna ruhusa ya mbunifu. Kuna njia halali za kulivika tundu bushi au kubandika kipande kipya, lakini zinatoka kwenye michoro au kwa mhandisi. Na ujue kanuni moja ya zamani ya utengenezaji wa ndege za mbao: kiungo cha kuunga mhimili, hata ukikichonga kwa mteremko mzuri wa 12 kwa 1, hakiwekwi chini ya bamba la mguu. Kwa hiyo kama ubao umekufa hapo hapo, matengenezo yanakuwa marefu kuliko eneo lililokufa.

Najua utaniuliza habari ya mvule. Umezoea mvule, na mafundi wa majahazi wa Nungwi watakuambia hakuna mti kama huo. Kwa jahazi, kweli. Lakini mita moja ya ujazo ya mvule ina kilo 640 hivi, na sprusi kilo 430 hivi, na mvule una mafuta yake ambayo gundi haipendi. Jahazi pia lina haki ambayo ndege haina: likivuja, baharia anakumba maji huku wanaendelea na safari. Mafuta ya papa, deheni, kalafati, misumari, vyote hivyo vibaki ufukweni. Tone moja la mafuta ya papa kwenye ubao wa ndege na gundi haitashika hapo milele.

Kama tundu ni zima na ubao haujazama, kurudisha ni rahisi. Paka vanishi ndani ya tundu, iache ikauke kabisa. Bolti mpya ipakwe grisi au vanishi mbichi, kulingana na michoro, ili maji yasipite pembeni yake. Washa iwe ile kubwa ya chuma iliyokusudiwa kazi ya mbao, pana mara nne hivi ya bolti yake, si ile ndogo ya chuma kwa chuma. Kaza mpaka washa isiweze kuzungushwa kwa vidole, kisha kidogo tu, na utazame ukingo wake. Ubao ukianza kung'aa na kuvimba kuzunguka washa, umepita. Hiyo ndiyo "mpaka wapi" uliyoniuliza. Nati yenye pete ya nailoni ukiona inaingia kwa vidole hadi mwisho, itupe, haishiki tena. Nati ya taji, ile yenye meno juu, iwe na kotapini mpya, ile pini inayopita kati ya meno kuizuia isizunguke. Halafu chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye ubao, ili siku nyingine ukisikia "tak" ujue kama ni nati imezunguka au ni ubao umenywea, bila kubishana na ami.

Baada ya hapo ukaguzi uufuate upepo, si saa za injini peke yake. Mwisho wa Kaskazi, Februari au mapema Machi kabla ya mvua, ubao uko katika ukavu wake mkubwa. Hapo ndipo unapopima na, kama kweli inahitajika, kukaza. Baada ya Masika, Juni, unatazama tu, unapima unyevu, unazibua matundu ya nyigu. Hukazi. Nati ikionekana imebana sana Juni usiilegeze pia, bali iandike. Ukiweka daftari la miaka miwili utaiona ndege ikipumua, na utajua upande upi unapumua kuliko mwenzake.

Kulalia kushoto huenda ni jambo lile lile, huenda si lile. Usikisie. Jaza upepo tairi zote mbili sawa, isimamishe kwenye sakafu, na upime kwa mpira wa maji, ule ule wanaotumia waashi kusawazisha msingi. Weka alama mbili kwenye sakafu chini ya magurudumu, mbili kwenye shina la mabawa. Sakafu za mabanda yetu hazina unyofu, nimeona ndege ikishitakiwa kwa kosa la saruji. Baada ya hapo pima urefu wa mguu unaoonekana nje ya ala. Kama wa kushoto umeingia zaidi, springi au raba za ndani zimechoka na zinabadilishwa jozi kwa jozi. Kama yote mawili ni sawa lakini bado imelala, ama ekseli imepinda, ama bamba la kushoto limezama mbaoni. Kidole chako kitakuwa kimeshakuambia.

Gundi. Tafuta kwenye kitabu cha aliyeijenga alitumia gundi gani, maana kila moja inazeeka kivyake. Gundi ya zamani ya maziwa, kasini, ikilowa inaliwa na ukungu. Gundi za yurea zinakuwa kavu na kupasuka kama kioo zikikaa sana kwenye joto na unyevu. Resosinoli, ile nyekundu iliyokoza, inastahimili maji kuliko zote. Epoksi ni nzuri lakini inalainika kwenye joto, ndiyo sababu ndege nyingi za epoksi hupakwa nyeupe, na banda lenu la mabati liwe na hewa juu. Mwaka 1944 ndege za mbao za Mosquito, za kivita za Waingereza, zilizopelekwa India zilianza kuachia maungio, na lawama zote zikaenda kwa hali ya hewa. Walipochunguza vizuri wakakuta pia sehemu zilizounganishwa vibaya kiwandani. Nakueleza hili ili usikimbilie kusema "unyevu wa Pemba" kila ukikuta kasoro. Hali yetu ya hewa haivunji kiungo kizuri haraka, inafichua kibovu.

Yaliyobaki ni mafupi. Chumvi: ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu, usipige mpira wa maji. Alumini ikigusana na chuma utaona unga mweupe, tenganisha, safisha, paka rangi ya kuzuia. Mirija ya chuma inaoza kutokea ndani, gusa kwa ncha kali sehemu ya chini kabisa karibu na mchomeleo, usiridhike na rangi nzuri. Beringi za magurudumu zifunguliwe kila mwaka, zioshwe, zijazwe grisi mpya, kwa hewa ya bahari ya huko mwaka mmoja ndio mwisho, usiupitishe. Springi ya gurudumu la nyuma itazame kwenye mkunjo, ufa huanzia hapo. Breki mpya mliyoweka, kama ni ya mafuta, nataka kujua mmetia mafuta gani. Breki nyingi za ndege hutumia mafuta mekundu ya madini, na ya gari yanaharibu raba zake, zinavimba na gurudumu linabaki limeshikwa. Lakini wajenzi wengine waliweka breki za pikipiki, ambazo zinataka ya gari. Soma kilichoandikwa kwenye pampu, usimwulize muuza duka.

Na karatasi. Ndege iliyojengwa nyumbani Uingereza kwa kawaida inaruka kwa kibali maalumu kinachosimamiwa na chama chao cha ndege nyepesi, na kibali hicho huthibitishwa upya kila mwaka. Ikiwa bado ina herufi G ya usajili wa Uingereza ubavuni, matengenezo ya mhimili yanahitaji sahihi ya mkaguzi wao. Mkitaka iwe 5H, yaani isajiliwe Tanzania, mlango ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mpaka hilo limalizike, na mpaka bolti zote za miguu zimetoka na kutazamwa, isitembezwe tena kwa injini hata mita kumi.

Anzia mguu wa kushoto, bolti ya juu ya mbele. Ikitoka, usiisafishe. Andika kwenye karatasi upande upi ulikuwa juu na upande upi mbele, ifunge, piga na picha ya tundu kwa tochi iliyolazwa, uzitume pamoja kwa boti ya Mkoani. Kijana wangu atazipokea bandarini Malindi, Unguja.